Vijiti vimejaa, intaneti haiendi: tafuta tatizo lilipo

Vijiti vya mtandao vinaonyesha jinsi simu inavyousikia mnara, basi. Havisemi mnara unahudumia watu wangapi, wala njia ya kutoka mnarani hadi kwenye seva ikoje. Kabla hujabadilisha laini, fuata mpangilio huu ninaoutumia kila ninapoletewa lalamiko la mtandao mzito.

Hatua ya 1: Soma namba

Kwenye simu nyingi za Android piga *#*#4636#*#*. Kwenye iPhone piga *3001#12345#*. Tafuta RSRP, nguvu ya mawimbi ya 4G kwa dBm (kipimo cha nguvu ya mawimbi). Namba ni hasi, hivyo −80 ina nguvu kuliko −110. Hapa wengi huteleza: kila 10 inayoshuka ni nguvu kupungua mara 10, kwa hiyo kutoka −80 hadi −110 imepungua mara 1,000. Mimi huridhika na −90 kwenda juu. Ikishuka chini ya −110, shida haziko mbali.

Halafu angalia SINR (kwenye Android huandikwa pia RSSNR). Hii ndiyo namba ninayoiamini zaidi. Inalinganisha mawimbi ya mnara wako na kelele, pamoja na mawimbi ya minara mingine. Ikifika 20, hewa ni safi na kila alama inayorushwa inaweza kubeba biti 8. Ikikaribia 0, mnara hulazimika kushuka hadi biti 2 ili simu ielewe. RSRP nzuri na SINR mbaya maana yake umekaa mahali ambapo minara inaingiliana. Hamia upande mwingine wa jengo, upime tena.

Hatua ya 2: Pima muda wa kwenda na kurudi

Unganisha kompyuta na simu kwa kebo, kisha kwenye dirisha la amri andika ping 1.1.1.1 (kwenye Windows andika ping -n 20 1.1.1.1, la sivyo itaishia majibu 4) na uache majibu yafike 20. Amri hii hutuma ujumbe mdogo kwa seva na kupima muda wa jibu kurudi. La kwanza usilihesabu: simu iliyotulia huachia nafasi yake mnarani ili kuokoa betri, na lazima iiombe upya. Kwenye 4G nzuri, milisekunde 30 hadi 60 ni kawaida. Zikirukaruka kutoka 40 hadi 900, pakiti zako (vipande vya data) zimekwama kwenye foleni. Zima kwanza chochote kinachopakia picha au video kimyakimya, kwa sababu foleni hiyo mara nyingi iko ndani ya simu yako mwenyewe. Isipobadilika, rudia usiku wa manane. Ikitulia usiku, mnara umezidiwa mchana, na hakuna mpangilio wa simu utakaotibu hilo.

Hatua ya 3: Majina

Ping inajibu lakini tovuti hazifunguki? Kagua DNS, huduma inayogeuza jina la tovuti kuwa anwani ya namba. Kwenye Android, katika mipangilio ya DNS ya faragha (Private DNS) andika dns.google, ujaribu tena kwenye simu.

Hatua ya 4: Ondoa 5G kwa muda

Mawimbi ya 5G ya 3,500 MHz hubeba data nyingi lakini hupenya kuta kwa shida kuliko 800 MHz. Ukiwa ndani, simu inaweza kuhangaika kati ya 5G na 4G, na kila inapohama pakiti huchelewa au hupotea. TCP, utaratibu unaosimamia usafirishaji wa data, ikikosa pakiti hudhani njia imejaa na kupunguza kasi, hata kama njia iko wazi. Chagua 4G pekee kwa dakika 10, urudie ping. Ikitulia, iache hivyo mpaka utoke nje.