Nchi inapataje uenyeji wa mashindano makubwa: njia nzima kuanzia kujua wapiga kura mpaka baada ya fainali

Kila CAF (shirikisho la mpira la Afrika) au FIFA wakitangaza mwenyeji mpya lazima kuna mtu ataniuliza, hivi hawa wamepewaje. Tangu Septemba 27, 2023, pale Cairo ilipotangazwa kwamba AFCON 2027, yaani Kombe la Mataifa ya Afrika, inakuja Kenya, Uganda na Tanzania, swali limegeuka kidogo, sasa watu wanauliza tulifanyaje mpaka tukapata na je tunaweza kurudia kwenye riadha, kikapu, baiskeli, netiboli. Tunaweza kabisa. Ila kuna njia yake, na sehemu kubwa ya hiyo njia inatembewa kabla hata barua ya maombi haijaandikwa. Naandika hapa kwa ajili ya vijana walioko kwenye vyama vya michezo, wale wa ofisi ndogo yenye kompyuta moja, maana nyie ndo mtakaotumwa kuandaa hizi karatasi.

Kitu cha kwanza, na wengi wanakiruka, ni kujua nani hasa anapiga kura. Kila mchezo una utaratibu wake. AFCON inaamuliwa na Kamati ya Utendaji ya CAF, watu wachache wamekaa mezani. Kombe la Dunia zamani ilikuwa hivyo hivyo, na mwaka 2000 Afrika Kusini ilikosa fainali za 2006 kwa kura 12 za Ujerumani dhidi ya 11, mjumbe wa Oceania aliyekuwa ameelekezwa na watu wake aipigie Afrika Kusini akaacha kupiga kabisa, yaani mtu mmoja tu jamani. Siku hizi FIFA inaamua kwenye mkutano mkuu, kila nchi mwanachama ina kura yake, ndo maana mwaka 2018 pale Moscow, kwenye kura ya fainali za 2026, Morocco ilipata kura 65 na Marekani, Canada na Mexico wakapata 134. Olimpiki nayo imebadilika, tangu 2019 ule mtindo wa miji kadhaa kushindana hadharani umeachwa, kuna tume inazungumza na miji kwanza, ikiridhika na mmoja inaupeleka mbele kwa wajumbe, na Brisbane ilipopewa Olimpiki ya 2032 ilikuwa peke yake kwenye kura. Sasa ukienda kichwa kichwa na mbinu za mpira kwenye Olimpiki utakuta mwenzako alishaanza mazungumzo miaka mitatu nyuma.

Kwa hiyo chukua daftari. Andika jina la kila mpiga kura, anatoka kanda gani, muda wake kwenye kamati unaisha lini, halafu jiulize nani kwenye chama chenu anaweza kumpigia simu na simu ikapokelewa. Kama hakuna hata mmoja, basi kazi ya miaka minne ijayo ni kumuingiza mtu wenu kwenye kamati za shirikisho la bara, hata kamati ndogo ya waamuzi au ya vijana, kutoka hapo mnajulikana. Na kumpigia mtu simu kusigeuke kumpelekea bahasha. Kashfa ya rushwa ya Salt Lake City, mji uliopewa Olimpiki ya majira ya baridi ya 2002, iliwaondoa wajumbe 10 kwenye Kamati ya Olimpiki ya Kimataifa, wengine walifukuzwa wengine walijiuzulu, na mji ukabaki na doa wakati ungeweza kushinda kwa ubora wake tu.

Halafu kuna kupanda ngazi, na hapa nataka tukae kidogo kwa sababu ndo moyo wa jambo lote. Angalia Rwanda. Septemba 2025 Kigali ilikuwa mwenyeji wa mashindano ya dunia ya baiskeli ya barabarani, mara ya kwanza kufanyika Afrika, na walipewa mwaka 2021 mbele ya Morocco. Ukiangalia juu juu utasema bahati. Lakini Tour du Rwanda iliingia kwenye kalenda ya UCI, shirikisho la baiskeli la dunia, mwaka 2009, ikapandishwa daraja 2019, kila mwaka timu za Ulaya zinakuja, zinalala kwenye hoteli zile zile, polisi wanafunga barabara zile zile, watu wanajipanga pembeni bila fujo, mpaka siku wanaomba mashindano ya dunia wale wakubwa wa UCI walikuwa wameshaona kila kitu kwa macho yao zaidi ya mara kumi. Kwenye kikapu ni hadithi hiyo hiyo, uwanja wa ndani wa Kigali ulifunguliwa 2019, mwaka 2021 ukachukua BAL, ligi ya vilabu vya Afrika, na AfroBasket, kombe la mataifa ya Afrika la kikapu, ndani ya mwaka mmoja.

Kenya kwenye riadha wamepita ngazi hizo hizo. Mombasa walifanya mbio za nyika za dunia mwaka 2007, uwanja wa Kasarani kule Nairobi wakafanya mashindano ya dunia ya vijana chini ya miaka 18 mwaka 2017, na nchi kadhaa zikiwemo Marekani na Uingereza hazikuleta timu kwa hofu ya usalama, lakini Wakenya wakaujaza ule uwanja siku ya mwisho mpaka hofu ikaonekana haina msingi. 2021 wakaandaa ya chini ya miaka 20. Wakaomba ya wakubwa ya 2025, Tokyo ikachukua, sawa, lakini leo hakuna anayeuliza kama Nairobi ni mji wa riadha. Kwa hiyo kama mchezo wenu haujawahi kuandaa hata mashindano ya kanda, msiombe ya dunia. Ombeni ya kanda. Kisha vijana wa Afrika. Kisha wakubwa wa Afrika. Tanzania iliandaa AFCON ya chini ya miaka 17 mwaka 2019, na wakati ule wapo waliosema mashindano ya watoto yanatusaidia nini. Yamesaidia sana.

Sasa mzigo wenyewe. Kila shirikisho lina kitabu cha masharti, kiombeni mapema mkisome ukurasa kwa ukurasa na fundi wa uwanja akiwa amekaa pembeni yenu, maana nyie mtasoma "mwanga wa kutosha" yeye ndo atajua taa zenu zinafika au hazifiki. Kwa AFCON wanataka viwanja visivyopungua sita, viwili vya watu 40,000, viwili vya 20,000 na viwili vya 15,000. Watu wakisikia hivyo wanahesabu viti tu. Viti ndo rahisi. Kinachoangusha nchi ni vyumba vya kubadilishia nguo, sehemu ya kupima dawa zilizokatazwa, umeme wa akiba, chumba cha VAR (waamuzi wa video), viwanja vya mazoezi ambavyo nyasi zake zinalingana na za uwanja wa mechi, hospitali iko dakika ngapi, ndege ya mwisho inaondoka saa ngapi. Hii ni ya kuuma, lakini tukumbuke Harambee Stars, timu ya taifa ya Kenya, mwaka 2024, tayari wakiwa wenyeji wateule, walikuwa wanacheza mechi zao za nyumbani nje ya nchi kwa sababu viwanja vyao havikuwa vimeidhinishwa.

Baada ya hapo ni serikali, na naomba mnielewe vizuri kwamba bila serikali hakuna ombi. Chama cha michezo kinaandika, lakini anayeahidi ni nchi. Wanataka dhamana zenye saini: viza kwa timu, waandishi na mashabiki, vifaa viingie bila ushuru na vitoke bila usumbufu, msamaha wa kodi, ulinzi, ruhusa ya kuhamisha fedha za kigeni, ulinzi wa nembo na haki za matangazo ya televisheni. Afrika Kusini ilibidi wapitishe sheria maalum bungeni mwaka 2006 kwa ajili ya Kombe la Dunia la 2010, miaka minne kabla. Msiende kwa Waziri wa Michezo peke yake, ahadi za kodi ziko Hazina, za viza ziko Uhamiaji, na kila wizara inasoma kwa kasi yake, mimi ningeanza kuzunguka na hizo barua mwaka mzima kabla ya siku ya mwisho. Kenya ilishapewa AFCON ya 1996 ikanyang'anywa ikaenda Afrika Kusini, ambao wakabeba na kombe kabisa. Ikapewa CHAN ya 2018, yale mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, Septemba 2017 ikanyang'anywa tena kwa kuchelewa maandalizi. Unajua nani aliichukua? Morocco. Nitarudi kwa Morocco.

Kuungana na majirani kunasaidia kugawana viwanja na gharama, hilo Pamoja, lile ombi letu la nchi tatu la AFCON 2027, imeonyesha, kila nchi inaleta alichonacho, Mkapa kule Dar, Namboole Kampala, Kasarani na Talanta Nairobi, uwanja mpya Arusha, Hoima nao, Amaan Zanzibar. Ila kuungana kunaleta kazi ambayo nchi moja haina. Shabiki wa Senegal atapitaje mipaka mitatu? Viza ya pamoja ya utalii ya Afrika Mashariki inahusu Kenya, Uganda na Rwanda, Tanzania haimo, kwa hiyo hicho ni kitu cha kutatua mezani mapema. Sarafu tatu, polisi watatu, mifumo mitatu ya tiketi. Wekeni sekretarieti moja yenye bosi mmoja na akaunti moja, na mkubaliane siku ya kwanza kabisa nani anapata ufunguzi na nani anapata fainali, muandike, msaini, maana hayo mawili ndo yanavunja undugu.

Kitabu cha maombi na video msivipotezee usingizi. Viwe safi, viwe na namba za kweli, picha za viwanja vilivyopo zitenganishwe na michoro ya vitakavyojengwa. Basi.

Wakaguzi wakija, wapeni ukweli. Tengenezeni ratiba inayopita kwenye foleni halisi, saa halisi ya mechi, wasindikizwe na king'ora mara moja tu sio safari zote, kwa sababu wataandika dakika na dakika hizo mtahukumiwa nazo. Ripoti ya wakaguzi ina uzito mkubwa kuliko hotuba. Mwaka 2018 FIFA waliipa Morocco alama 2.7 kati ya 5 na wale watatu wa Amerika Kaskazini 4.0, wakasema wazi kwamba viwanja, malazi na usafiri wa Morocco ni hatari kubwa, na kura zikafuata.

Mkikosa, ombeni ripoti yenu mkae nayo. Morocco imeomba Kombe la Dunia la 1994 ikakosa, 1998 ikakosa, 2006 ikakosa, 2010 ikakosa kwa kura 14 za Afrika Kusini dhidi ya 10, 2026 ikakosa. Mara tano! Na kila walipokosa walirudi nyumbani kurekebisha kile walichoambiwa. Treni ya kasi ya Tangier hadi Casablanca ilianza 2018. Waliandaa Klabu Bingwa ya Dunia, waliandaa AFCON ya wanawake mara mbili mfululizo, waliichukua ile CHAN ya Kenya, wakaandaa AFCON 2025, na Desemba 2024 FIFA ikathibitisha Kombe la Dunia la 2030 linakwenda Morocco, Hispania na Ureno. Mimi nawaheshimu sana kwa hilo na natamani sana vyama vyetu viige uvumilivu ule.

Mkipata nako, kazi ndo inaanza. CHAN yetu ya Kenya, Uganda na Tanzania ilikuwa ichezwe Februari 2025, Januari ikasogezwa mpaka Agosti kwa sababu maandalizi hayakuwa yamekamilika, wiki chache kabla ya mechi ya kwanza. Iliuma lakini ilitusaidia. Nilikuwa kwa Mkapa usiku wa ufunguzi Tanzania ilipoifunga Burkina Faso 2-0 na nilitoka machozi yakinilenga, kuona wageni wanaingia wanatoka bila purukushani. Kasarani kulitokea shida, watu wasio na tiketi walivunja vizuizi, CAF wakapunguza idadi ya mashabiki mpaka 27,000. Hilo ni somo la bei nafuu kwa 2027: mageti yahesabiwe, tiketi zikaguliwe mbali na uwanja barabarani huko, mashabiki waelezwe kwa Kiswahili chao cha kawaida wiki nzima kabla, redioni na kwenye vijiwe vya boda.

La mwisho kwenye kitabu, na ningependa liwe kwenye kurasa za mbele kabisa, ni baada ya fainali. Brazil walijenga uwanja wa watu zaidi ya 40,000 kule Manaus kwa Kombe la Dunia la 2014, zikachezwa mechi nne, mji hauna timu ya ligi kuu ya kuujaza. Kwa kila uwanja mpya mnaouweka kwenye ombi andikeni nani atalipa maji ya nyasi na umeme wa taa mwaka wa kwanza, wa pili, wa tano, shilingi ngapi, kutoka fungu gani, na jina la timu itakayocheza pale Jumamosi inayofuata baada ya kombe kukabidhiwa liandikwe humo humo, pamoja na saini ya mwenyekiti wake.