Pesa, benki na kodi kwa mgeni anayeishi Thailand

Benki, ofisi ya uhamiaji na Idara ya Mapato ya Thailand hukuuliza swali lile lile kwa nyakati tofauti: pesa hii imetoka wapi, na iliingia lini? Ukipanga akaunti zako tangu siku ya kwanza ili kila baht iwe na jibu, mengi yaliyobaki ni kazi ya kujaza fomu tu.

Kufungua akaunti

Benki zinazotumiwa sana na wageni ni Bangkok Bank, Kasikornbank, SCB, Krungsri na Krungthai. Chukua pasipoti yenye viza ya muda mrefu, kibali cha kazi kama unacho, na uthibitisho wa anwani. Asiye na kibali cha kazi kwa kawaida hutakiwa hati ya makazi kutoka uhamiaji, na ili kuipata hati hiyo ni lazima mwenye nyumba awe ameshatoa taarifa ya TM.30 kuwa unaishi kwake. Hapo ndipo wengi hukwama, kwa hiyo dai nakala ya TM.30 siku unapokabidhiwa funguo.

Uamuzi hutegemea sana tawi. Ukikataliwa tawi moja, jaribu jingine la benki hiyo hiyo, hasa lililo karibu na mwajiri wako au mahali wanapoishi wageni wengi. Ukishinikizwa kununua bima ili ufunguliwe akaunti, kataa kwa upole, uende kwingine.

Laini ya simu isajiliwe kwa jina lako, likiwa limeandikwa kama lilivyo kwenye pasipoti, kwa sababu programu ya benki na PromptPay, mfumo wa Thailand wa kulipana kwa simu, hutegemea namba hiyo. Kutuma zaidi ya baht 50,000 kwa mara moja kwenye simu, au jumla ya zaidi ya 200,000 kwa siku, huhitaji kuthibitishwa kwa sura. Kwa hiyo sura yako isajiliwe tawini mapema, usingoje siku ya kulipia nyumba.

Usimwazime mtu akaunti yako, hata rafiki. Tangu 2023 kosa hilo lina kifungo cha hadi miaka 3 au faini ya hadi baht 300,000, na matapeli huwasaka wageni kwa ajili hiyo.

Kuingiza pesa

Kadi ya nje kwenye ATM hutozwa baht 220 au zaidi kila unapotoa, bila kujali kiasi. Mashine ikikuuliza kama ikubadilishie kwa sarafu ya kwenu, kataa. Kiwango chake ni kibaya karibu kila mara. Kwa kiasi kikubwa, tumia uhamisho wa benki.

Kama unakusudia kununua fleti kwa jina lako, tuma fedha za kigeni zenyewe, zibadilishwe kuwa baht ndani ya Thailand, na uiombe benki hati ya kuthibitisha hivyo. Ofisi ya ardhi huitaka hati hiyo. Ukibadilisha kabla ya kutuma, huwezi kurekebisha baadaye.

Wanaoongeza viza ya kustaafu kwa kutumia akiba huhitaji baht 800,000 zikae miezi 2 kabla ya ombi na miezi 3 baada ya kukubaliwa, kisha zisishuke chini ya 400,000. Ziweke kwenye akaunti ya peke yake isiyounganishwa na kadi wala malipo yoyote. Kosa la kawaida ni makato madogo tu yanayoishusha salio hadi 799,000 na kitu. Bima ya amana inalinda baht milioni 1 kwa kila mwekaji katika kila benki. Kinachozidi hapo kigawe.

Kodi

Ukikaa siku 180 au zaidi ndani ya mwaka wa kalenda, mfululizo au kwa vipindi, wewe ni mkazi kwa ajili ya kodi. Mapato ya ndani hutozwa hata ukikaa siku chache. Mapato ya nje ndiyo yaliyobadilika: uliyoyapata kuanzia 1 Januari 2024 katika mwaka ambao ulikuwa mkazi hutozwa kodi unapoyaingiza, hata ukiyaingiza miaka mingi baadaye. Ya kabla ya tarehe hiyo hayatozwi. Kwa hiyo chapisha taarifa ya akaunti ya nje inayoonyesha salio la 31 Desemba 2023, na usichanganye akiba hiyo na mapato mapya. Zikishachanganyika, ni wewe utakayetakiwa kuthibitisha ipi ni ipi.

Viwango: baht 150,000 za kwanza hazitozwi; sehemu inayofuata hadi 300,000 ni asilimia 5; hadi 500,000 ni 10; hadi 750,000 ni 15; hadi milioni 1 ni 20; hadi milioni 2 ni 25; hadi milioni 5 ni 30; zaidi ya hapo ni 35.

Chukua mwalimu wa mshahara wa baht 50,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 600,000. Toa 100,000 za gharama za ajira na 60,000 za nafuu binafsi. Zinabaki 440,000, na kodi ni 21,500. Sasa aingize gawio la 400,000 alilolipata nje mwaka 2024 akiwa mkazi. Jumla ni 840,000 na kodi inapanda hadi 83,000. Ongezeko la 61,500 ni zaidi ya asilimia 15 ya pesa aliyoingiza, kwa kuwa gawio linakaa juu ya mshahara, kwenye ngazi za juu. Kama lilikwisha katwa kodi nje, angalia kama nchi hiyo ina mkataba wa kodi na Thailand, na upate hati rasmi ya makato.

Wenye viza ya LTR, yaani ya ukazi wa muda mrefu, wasiwaze sana: makundi kadhaa yamesamehewa mapato ya nje.

Namba ya mlipakodi huombwa ofisi ya wilaya ya Idara ya Mapato. Mwajiri akupe cheti cha kodi ya zuio kinachoitwa 50 Tawi. Bila hicho huwezi kudai kilichokatwa zaidi. Mwenye mshahara tu hujaza fomu ya kodi ya P.N.D. 91, mwenye mapato mengine P.N.D. 90, kabla ya mwisho wa Machi, ingawa wanaojaza mtandaoni huongezewa siku chache. Kodi ikifika baht 3,000 unaweza kuilipa kwa awamu tatu bila riba, mradi uwasilishe kwa wakati. Ukichelewa, deni huongezeka asilimia 1.5 kila mwezi.