Rodi za kuchomelea: kuzichagua na kuzitunza zisiingie unyevu

Kwa mlango, dirisha au geti la skwea tyubu, nunua rodi ya aina ya E6013. Hiyo 60 ni nguvu ya kuvutwa, pauni 60,000 kwa inchi ya mraba. Hiyo 1 inamaanisha unachomelea upande wowote, hata juu ya kichwa. Tyubu ya milimita 1.6 inataka rodi ya geji 12 (milimita 2.5), ampea 55 hadi 70. Chuma kinene cha milimita 5 kipe geji 10 (milimita 3.2), ampea 90 hadi 130. Moto ukizidi, tyubu inatoboka. Ukipungua, rodi inanata na chuma kinakaa juu bila kuingia. Inamisha rodi kidogo, ncha ikielekea unakotoka na koleo (kishikio cha rodi) likielekea unakokwenda, na mwanya kati ya ncha na chuma usizidi unene wa rodi yenyewe.

Rodi ikinata ovyo hata ampea zikiwa sawa, angalia waya wa kuvutia stima. Waya mrefu na mwembamba hupoteza nguvu njiani, na hakuna rodi itakayokuokoa hapo.

Kisumu, adui mkubwa ni unyevu. Pakiti iliyoachwa wazi sakafuni msimu wa mvua hunyonya maji kwenye ganda linalofunika waya wa rodi. Utasikia mlio wa kupasukapasuka, cheche zitaruka kupita kiasi, na ukigonga slagi (gamba linaloganda juu ya mshono) utakuta vitundu. Kausha E6013 kwenye oveni, nyuzi 100 hadi 120, saa moja. Jua halifikishi joto hilo. Na tafadhali, acheni kuishikiza rodi kwenye chuma mpaka iwe nyekundu ili ikauke: ganda linaungua na kupasuka kabla hata hujaanza kazi. Rodi iliyokwisha kumeguka ganda, au yenye kutu kwenye waya, tupa. Zilizo nzima zitie kwenye bomba la plastiki lenye kifuniko pande zote mbili, juu ya ubao, mbali na saruji.

Mkono wa kuvutia trela ya miwa, kama zile za Muhoroni na Chemelil, haufai E6013. Hapo tumia E7018, kwa mashine ya DC (umeme wa mkondo mmoja), koleo likiwa kwenye chanya (+). Hii ndiyo rodi isiyovumilia unyevu hata kidogo: maji hutoa haidrojeni, haidrojeni huingia kwenye chuma, na ufa unaweza kutokea saa nyingi baada ya kazi kupoa, trela ikiwa tayari barabarani na mzigo. Ikikaa wazi zaidi ya saa nne, irudishe kwenye oveni kwa joto lililoandikwa kwenye pakiti, ambalo huwa juu sana kuliko la E6013.