Ukiona "cuss", fikiria kutikisa

Unayejifunza Kiingereza, usikariri maneno ya kupiga na kutikisa moja moja. Yashike kwa ukoo. Concussion, yaani mtikisiko wa ubongo kichwa kikigongwa. Percussion, ala za kupigwa kama ngoma. Na discuss, kujadili, yote yametoka kwenye kitenzi kimoja cha Kilatini, quatere, kutikisa. Katika Kilatini, discutere ilikuwa kukipiga kitu hadi kisambaratike, na mijadala mingine bado inaishia hukohuko.

Hit lilitoka kwa watu wa Skandinavia wa kale. Hitta kwao ilikuwa kukutana na kitu, kukipata. Ndiyo maana hit hata leo linabeba wazo la kupata shabaha, si kupiga tu. Kabla yake, kazi ya "kupiga" ilifanywa na slay, ambalo siku hizi limebaki na kuua. Ndugu yake wa Kijerumani, schlagen, bado anapiga tu.

Strike ndilo la ajabu zaidi: lilianza kwa upole, kupitisha mkono juu ya kitu. Ndiyo sababu jamaa yake, stroke, huweza kuwa pigo na huweza kuwa kupapasa paka.