Kuandika wasifu wa marehemu aliyekuwa mfanyabiashara na mtu wa kujitolea

"Alikuwa mkarimu, mchapakazi na mpenda watu." Sentensi hiyo inamfaa kila marehemu, ndiyo maana haimwelezi yeyote. Mtu aliyeendesha biashara na bado akajitolea kwa jamii ameacha matendo tele ya kusimulia, na kazi ya mwandishi ni kuyatafuta kabla ya kushika kalamu.

Usichanganye tanzia na wasifu. Tanzia ni tangazo: jina kamili pamoja na lile alilojulikana nalo dukani, siku aliyofariki, mahali na saa ya mazishi, na namba ya simu ya msemaji mmoja. Maneno 60 hadi 100 yanatosha. Wasifu husomwa mbele ya watu. Msomaji mtulivu husoma maneno 100 hadi 120 kwa dakika, hivyo maneno 600 hadi 700 huchukua kama dakika sita. Ukizidisha hapo, waombolezaji wataanza kunong'ona.

Kukusanya habari, teua watu wawili, mmoja wa familia na mwingine aliyemfahamu kazini. Familia mara nyingi haijui nusu ya aliyoyafanya nje ya nyumba. Zungumzeni na wafanyakazi wake, majirani wa biashara, aliyekuwa akimletea bidhaa, na katibu wa kikundi alichojitolea. Ukiuliza "alikuwa mtu wa namna gani?" utarudishiwa zile zile sifa. Uliza: "Mara ya mwisho alikusaidia nini?" Kisha: "Kitu gani kitakwama wiki ijayo kwa kuwa hayupo?" Swali hili la pili ndilo linalozaa zaidi. Hapo ndipo utasikia kwamba ni yeye aliyekuwa na ufunguo wa ukumbi, au aliyewapigia simu wazee kila asubuhi kabla ya kufungua duka.

Tarehe zichukuliwe kwenye karatasi, zisitegemee kumbukumbu: cheti cha kuzaliwa, leseni ya kwanza ya biashara, mihutasari ya vikao. Mihutasari huonyesha mwaka aliojiunga na vyeo alivyoshika. Kama hakuna karatasi na watu wanabishana, andika "mwanzoni mwa miaka ya 1990". Mwaka kamili usio sahihi utapingwa palepale msibani.

Katika kuandika, kuzaliwa, masomo na ndoa vipewe aya moja au mbili fupi. Nafasi kubwa iende kwenye kazi, na usiitenganishe biashara na kujitolea kana kwamba ni maisha ya watu wawili. Mara nyingi vyote vilipita mlango mmoja: meza ya duka ndiyo iliyokuwa ofisi ya kikundi, na gari la mizigo ndilo lililobeba wagonjwa. Badala ya "alipenda elimu", andika: "Kila Jumamosi alifunga duka saa nane mchana, akabeba vitabu, akaenda kuwafundisha watoto kusoma hadi jioni." Kasoro ndogo inayochekesha, kama ukali wake kwa wachelewaji, iachwe ibaki. Watu humtambua hapo.

Kuna mambo ya kupima kwa uangalifu. La kwanza ni msaada wa siri. Kumtaja aliyelipiwa ada ni kumwaibisha mbele ya kadamnasi, hivyo omba ruhusa yake au taja tendo bila jina. La pili ni madeni. Asitokee mtu akatangaza kwamba wateja wamesamehewa. Fedha zinazodaiwa na biashara zinaweza kuwa sehemu ya mirathi, na si kila ndugu ana mamlaka juu yake. Vivyo hivyo, usitangaze nani atarithi duka kabla wahusika hawajakubaliana. Chanzo cha kifo nacho hutajwa kwa idhini ya familia tu.

Orodha ya wake au mume, watoto na wajukuu ipitiwe na watu wawili wa pande tofauti za familia kabla ya kuchapwa. Jina lililosahaulika halisahauliwi.

Kijitabu cha mazishi kinachobanwa pini katikati lazima kiwe na kurasa zinazogawanyika kwa nne: karatasi moja ya A4 ikikunjwa hutoa kurasa nne za A5. Ukiwa na kurasa kumi, mbili zitabaki tupu. Picha ya sentimita 10 kwa 15 inahitaji takriban pikseli 1,200 kwa 1,800 ili itoke safi. Iliyotumwa kwa simu kama picha ya kawaida huwa imebanwa na kupoteza ubora, basi mwambie mwenye nayo aitume kama faili.

Nakala ya msomaji ichapwe kwa herufi za ukubwa wa 14 au zaidi, kurasa zipewe namba, na mtu wa pili akae karibu na nakala yake, tayari kupokea pale machozi yatakapomzuia wa kwanza. Tangazo la saa za mazishi huwajulisha wezi pia, kwa hiyo pawe na mtu nyumbani na mwingine dukani. Namba ya kitambulisho isiandikwe popote.

Familia na marafiki wakitaka kuanzisha mfuko kwa jina lake, michango isipitie akaunti ya duka, kwa sababu itachanganyika na fedha za biashara na kuzua ugomvi. Ifunguliwe akaunti ya pekee yenye watia saini watatu, mmoja wao asiwe ndugu, na yaandikwe mapema lengo la mfuko na tarehe ya kufunga michango. Kabla ya hapo lakini, pitieni majibu ya lile swali la "kitakwama nini" na mkabidhi kila jukumu kwa mtu mwenye jina: ufunguo, daftari la wanachama, simu za asubuhi.