Kupiga video ya ng'ombe kwenye vumbi la jioni, Dodoma

Wanaopiga video za watelezaji wa theluji kule Alps hutafuta jua litokee nyuma ya ile theluji laini inayotimka, ing'ae. Dodoma theluji hatuna, ila kiangazi kinapokolea tuna vumbi jekundu, nalo linapenda jua hivyo hivyo. Mimi hulipiga ng'ombe wanaporudi zizini. Kundi linapita mara moja tu. Halitakurudia kama maharusi wanavyorudia kushuka kwenye gari, kwa hiyo maandalizi ndiyo kila kitu.

Hatua ya 1. Fika siku moja kabla. Salimia kwa Kigogo, "Mbukwenyi", mpe mzee mwenye mifugo shikamoo yake, kisha muulize mchungaji wanapita njia ipi. Usianze kuhesabu ng'ombe mbele yao.

Hatua ya 2: pa kusimama. Hapa usiharakishe. Kiangazi upepo wetu kwa kawaida huvuma kutoka mashariki na kusini mashariki, na jioni jua liko magharibi. Ukikaa mashariki ya njia, ukaelekeza kamera magharibi, upepo unakupiga mgongoni na kulisukuma vumbi mbali nawe, huku jua likiliwasha kwa nyuma. Asubuhi mambo hugeuka: ukilifuata jua, vumbi lote linakuja usoni. Ndiyo maana siendi asubuhi. Hakikisha kwa kurusha konzi ya mchanga uone unakoelekea.

Nyuma ya njia tafuta kitu cheusi: ua wa minyaa, kivuli cha mlima, shina la mbuyu. Vumbi mbele ya anga jeupe halionekani. Mbuyu pia unakusaidia kulificha jua lenyewe lisiingie kwenye lenzi.

Hatua ya 3: kamera. Weka kila kitu kwa mkono. Mimi hutumia fremu 100 kwa sekunde na shata 1/200, yaani kila fremu inapokea mwanga kwa sehemu moja ya mia mbili ya sekunde. Ukiichezesha kwa fremu 25, mwendo unapungua mara nne. Kwenye theluji kamera huuona weupe mwingi ikatia giza, hivyo wenzetu huongeza mwanga stopu moja au mbili (kila stopu ni mwanga kuzidishwa mara mbili, au kupunguzwa nusu). Kwetu ni kinyume: ng'ombe wanaonekana weusi mbele ya jua, kamera inaongeza mwanga, na vumbi linaungua kuwa jeupe. Punguza stopu moja kutoka kipimo cha kamera. Ng'ombe wakibaki vivuli vyenye ukingo wa dhahabu kwenye nundu na pembe, uko sawa.

Fokasi ya otomatiki izime, maana itashika vumbi na kumwacha ng'ombe. Weka jiwe njiani, lifokasi, funga, halafu liondoe.

Hatua ya 4: kupiga. Lala chini, kamera iwe kimo cha magoti ya ng'ombe, hatua kumi na tano hivi kutoka njiani, na lenzi ndefu, ya kuvuta vya mbali. Anza kurekodi ukisikia kengele, kabla hujawaona. Usiwafuate wa mbele. Subiri wa katikati, vumbi likishajaa. Tazama kwato moja tu: inapoinuka, mchanga unamwagika katikati ya vidole viwili, na vumbi linachanua pale ilipotoka.

Hatua ya 5: usafi. Puliza lenzi kwa pampu ya mkono kabla ya kitambaa kuigusa, kwani chembe za mchanga hukwaruza kioo. Na usibadilishe lenzi porini. Niliwahi kufanya hivyo Bahi, sekunde chache tu, na picha zote za siku ile zinazoonyesha anga zina madoa matatu mahali palepale.