Gogo likianguka mtoni liacheni hapohapo

Wale wenye mashamba kando ya mto Zigi kule Tanga, kuanzia huko Amani mpaka mnashuka karibu na bwawa la Mabayani, hii yenu. Mti ukianguka mtoni msiwahi na msumeno. Najua mtu anaona uchafu, mwingine anaona kuni, lakini nyuma ya gogo maji yanapunguza kasi, panachimbika kashimo, samaki wadogo wanajificha humo na yale majani yanayonasa yanaleta wadudu ndo msosi wao. Wenzetu Marekani kule magharibi walihangaika miaka mingi kutoa magogo mitoni eti yanawazuia samaki wanaoitwa samoni kupanda kwenda kutaga, baadae wakagundua wanaharibu makazi yao, sasa hivi wanakodi eskaveta kuyarudisha mengine, na yenye mizizi yake ndo wanayapenda zaidi maana hayasombwi kirahisi. Kucheka ruksa.

Ila gogo peke yake halisaidii kama umelima mpaka ukingoni mwa maji. Masika ikipiga tope lote linashuka, linaziba kokoto za chini na mayai yaliyotagwa humo yanakosa hewa, ni moja ya vinavyowamaliza samoni na samaki wengine waitwao trauti huko kwao pia. Acheni matete na mikuyu ijiotee, sheria ya mazingira ya 2004 yenyewe inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Gogo la kutoa ni lile lililonasa darajani au kwenye kalavati tu, hilo toeni kabla mvua hazijaanza.